Chenga kwa Mke Mkubwa

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike yale niliyokataa kuyasema siku ya kuniaga. Siku ile nilikataa kwa sababu pilau lilikuwa linapoa, na bosi alikuwa ameshahutubia mpaka soda zikapata joto. Sasa nina muda. Habari za vyeo msizitafute humu. Niliingia fundi, nikatoka fundi, na katikati hapo nilipewa kofia. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, yaani kuichukua picha moja ya kebo na kuigawa iingie kwenye TV kadhaa za nyumba moja, na jinsi nilivyokaribia kuvunja ndoa ya watu kwa kidude kinachoenea kiganjani.

Nilianza wakati kebo ni kitu kigeni hapa Tabora. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimejaribu biashara ya asali, nikashindwa kwa kuwa mteja wangu mkubwa nilikuwa mimi mwenyewe. Aliyenipokea kazini ni Fundi Kulwa, mtu wa Lusu kule Nzega, ambaye kabla ya kebo alikuwa akitengeneza redio sokoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza:

"Unaogopa ngazi?"

"Siogopi, fundi."

"Basi hufai. Anayeogopa ndiye anayefika nyumbani."

Akaniachia ngazi niibebe, na nadhani nimeibeba mpaka juzi.

Fundi Kulwa alikuwa na koleo, kisu cha kumenyea waya, na TV ndogo isiyo na rangi, kioo chake kama sahani ya ubwabwa. Aliiita Kadogo. Aliifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, juu ya mto wa pamba, kama mama anayembeba mwana. Kila nyumba tuliyoingia, kabla ya kugusa TV ya mtu, alichomeka waya kwa Kadogo kwanza, chumba kwa chumba.

"Mwenye nyumba atakwambia picha mbaya kwa sababu amegombana na mkewe," alisema. "TV yake itakwambia picha mbaya kwa sababu imechoka. Kadogo hana mke na hachoki. Muulize yeye."

Somo la pili alinifundisha akiwa juu ya paa huko Isevya, mimi nimeshika ngazi chini. Nilimuuliza kwa nini picha iliyo safi kwenye nguzo inafika chumba cha nyuma ikiwa imejaa chenga. Akaniuliza kama shuleni sikufundishwa habari za misafara. Nikasema nilifundishwa. Misafara ilitoka pwani na vitambaa na shanga, ikapita hapa kwenda Ujiji.

"Na njiani walitoa nini?"

"Hongo. Kila mtemi aliyepitiwa alidai hongo yake."

"Basi ndiyo hiyo. Picha inatoka ofisini imenona. Kila unapounga waya, hapo pana mtemi. Kila spilita ni mtemi mwenye watoto wengi. Waya mrefu nao unakula kidogokidogo, kama mpagazi mwenye njaa. Ukiweka watemi wengi njiani, TV ya mwisho inapokea kamba za mizigo."

Kwa wasomaji wasio mafundi, spilita ni kile kidude cha chuma chenye tundu moja la kuingizia waya na matundu mawili, matatu au zaidi ya kutolea. Wengi hudhani kinafanya kazi kama bomba la maji, kwamba ukiongeza tundu umeongeza maji. Nimekuta nyumba huko Kanyenye ambako baba aliunga TV tano kwa kusokota nyaya kwa vidole, akazifunika kwa mfuko wa mkate. Mvua ilipoanza, alinipigia simu kulalamika kwamba kampuni yetu haifai. Nyumba nyingine walipigilia msumari katikati ya waya ili usining'inie, wakaniuliza kwa nini picha imekatika. Niliwajibu kwamba hata wao wangepigiliwa msumari hapo wangekatika. Nililalamikiwa ofisini kwa jibu hilo, na walionilalamikia walikuwa na haki.

Kuna mambo madogo ambayo naomba myashike. Kabla waya haujaingia ukutani, uachie uning'inie kidogo, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata ndani. Tundu la spilita lisilotumika lifungeni kwa kifuniko chake. Na mkipata kazi kwenye zile nyumba za kale za udongo, zenye kuta nene, nendeni mkiwa mmekula. Ukianza kutoboa ukiwa kijana, unatokea upande wa pili ukiwa na mvi.

Nyumba ya Mzee Nassor ilikuwa ya kuta hizo. Ukoo wake una asili ya Oman, wamekuwa wakifanya biashara hapa tangu enzi hizo za misafara, na yeye mwenyewe alikuwa na duka la mchele na asali. Alikuwa na wake wawili katika ua mmoja. Bi Salma, mke mkubwa, alikaa upande wa mbali, karibu na kisima. Bi Rehema, mke mdogo, alikaa upande wa lango. Chumba cha mbele kinachotazama barabara kilikuwa cha Mzee, na humo alikaa na rafiki zake kutazama mpira. TV tatu, kebo moja. Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa fundi wa kutumwa peke yangu, na nilijiona.

Mzee Nassor alikuwa mtu wa haki. Alinisimamisha uani kabla sijafungua mfuko.

"Petro, sikiliza. Waya wa Salma na waya wa Rehema ziwe sawa kwa urefu."

"Mzee, kwa Bi Rehema ni hapo tu. Waya utabaki mwingi."

"Uuzungushe darini. Mimi nikinunua doti ya kanga nanunua mbili. Nikileta ndizi, napima kwa mizani. Siku ya kiyama sitaulizwa darini kuna nini. Nitaulizwa kama nilifanya sawa."

Mimi ni Mkatoliki, nina mke mmoja, na hata huyo ananishinda. Nilicheka moyoni. Baadaye sana nilielewa kwamba Mzee, bila kujua lolote la kebo, alikuwa amesema jambo sahihi kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Waya sawa, hongo sawa. Aliyeharibu ni mimi. Nilipima nyaya, nikazikata sawa, ule wa Bi Rehema nikauzungusha darini kama chatu aliyeshiba, kisha nikachukua spilita ya njia tatu na kuchomeka kila waya pale mkono ulipofika. Pembeni ya kila tundu palikuwa na vitarakimu vidogo vimechongwa. Miaka yote hiyo nilivichukulia kuwa urembo.

Na Kadogo sikumbeba. Njia ya kwenda kule ilikuwa ya mchanga, baiskeli inazama, nami nikasema moyoni, kwa nyumba moja tu?

Nikawasha TV. Bi Rehema akapaza sauti dirishani, "Safi, fundi! Naona mpaka ndevu za mtangazaji!"

Bi Salma naye akajibu kutoka upande wake, "Mimi nawaona watu wanatembea kwenye mvua ya unga."

Nikaenda kutazama. Chenga kweli. Nikapigapiga TV yake mgongoni, kama wafanyavyo wasiojua, nikatoa hukumu. "Bi Mkubwa, TV yako imechoka."

Mzee Nassor akanunua TV mpya. Akanunua mbili, bila shaka, maana haki ni haki. Nikarudi kuziunga. Kwa Bi Rehema ndevu za mtangazaji zikazidi kung'aa. Kwa Bi Salma unga uleule, ila sasa ulikuwa unga mpya.

Hapo ndipo niliposema neno ambalo ningelipa chochote nisiwe nimelisema. Nilikuwa nimechoka, nina aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta wa kumtwika.

"Labda ni macho, Bi Mkubwa. Umri nao."

Akanitazama. "Umri wa nani?"

Nikainama kutafuta koleo kwenye mfuko.

"Mimi natunga uzi kwenye sindano ya cherehani bila miwani. Wewe unayetafuta tundu la waya kwa kupapasa ndiye unanipima macho?"

Nilikusanya vyombo vyangu nikaondoka. Siku chache baadaye Bi Salma naye aliondoka. Alipanda treni kwenda Tura, kwa kaka yake. Hakupiga kelele. Alimwambia mumewe, "Kanga umetupa sawa. Ndizi umetupa sawa. Waya umetupa sawa, TV umetupa sawa. Kama vyote ni sawa na mimi bado naona chenga, basi kilichobadilika ni wewe. Tura hakuna kebo, lakini chenga pia hakuna."

Mzee Nassor alikuja ofisini akiwa amekonda uso. Wazee wa mtaa walikuwa wameanza kumuuliza, kwa adabu, kama ni kweli amempendelea mke mdogo. Na shemeji yake wa Tura alikuwa ametuma neno kwamba kama amemchoka dada yake, atamke, aachwe kwa heshima.

"Mimi sijamchoka mtu," alisema Mzee. "Nimeishi na Salma tangu duka lile ni meza. Fundi Kulwa, niambieni kuna nini ndani ya ukuta wangu."

Fundi Kulwa akanigeukia. "Kadogo alisema nini?"

"Kadogo hakuwepo, fundi."

"Alikuwa wapi?"

"Chini ya meza."

"Na wewe akili yako ilikuwa juu ya meza?"

Tukaenda sote, Kadogo akiwa juu ya mto wake. Langoni tulipokewa na Bi Rehema. Mimi nilidhani huyu angalau amefurahi, kumbe.

"Fundi, mrudisheni mwenzangu," alininong'oneza baada ya Mzee kutangulia. "Mimi niliolewa na nusu ya mume, nikaizoea. Sasa nimeletewa mzima. Kila siku yuko hapa, anauliza chumvi imewekwa lini."

Fundi Kulwa akachomeka Kadogo kwenye tundu moja la spilita, akatazama. Akahamia la pili, akahamia la tatu. Akarudia. Hata mimi niliona. Tundu moja picha safi, mawili yaliyobaki chenga. Ule waya wa Bi Rehema, mkono wangu ulikuwa umeupeleka kwenye lile safi. Chumba cha mbele nacho kilikuwa na chenga, ila kwa kelele za mpira hakuna aliyezijali.

"Spilita ya njia tatu," alisema, akinitazama mimi ili asimtazame Mzee, "ndani yake wamo watemi wawili. Wa kwanza anaigawa picha mara mbili. Nusu moja inatoka moja kwa moja, imenona. Nusu nyingine inaingia kwa mtemi wa pili, anaigawa tena, ndiyo yale matundu mawili. Imeandikwa hapa pembeni. Hukusoma?"

"Nilidhani ni urembo."

"Chuma hakijipambi, Petro."

Akauhamishia waya wa TV ya Mzee ya chumba cha mbele kwenye tundu lililonona, wake wakapata yale mawili yaliyo sawa. Picha haikuwa nzuri, lakini haikumpendelea mtu. Mzee Nassor alifurahi, akataka kupeleka habari Tura. Fundi Kulwa akamwambia kwamba akienda peke yake ataonekana anajitetea. Aende na mwenye kosa.

Basi nikapanda treni na Mzee, spilita nyingine kama ile mfukoni. Tulipokaribia Tura alinishika mkono akasema, "Ukifika, usianze na watemi. Anza na samahani." Nikaona kwamba mtu yule alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Bi Salma alikuwa amekaa mkekani anapeta mchele, kaka yake kwenye kiti pembeni, mikono kifuani. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema bila kuinua uso. "Umekuja kunipima macho?"

Nikaomba radhi, nikatoa spilita, nikaeleza. Akaacha ungo, akakichukua kile kidude, akakigeuzageuza, akavisoma vile vitarakimu palepale, bila miwani.

"Kwa hiyo mwenzangu alipita kwa mtemi mmoja, mimi nikapita kwa wawili."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Aliyepanga hivyo ni wewe au Nassor?"

"Mimi. Mzee alitaka mambo yawe sawa. Mkono wangu tu ulifika pale kwanza."

"Mikono ya wanaume," akasema kaka mtu, na nikaona kifua chake kinatikisika kwa kicheko. Hapo ndipo nilipovuta pumzi kwa mara ya kwanza.

Bi Salma bado alikuwa na kidude mkononi. "Na sasa hili tundu lililonona mmempa nani?"

Mzee Nassor akakohoa. "Mimi. Ile ya chumba cha mbele."

"Ahaa. Wake wawili chenga sawasawa, mume picha safi. Uadilifu huo umeusikia msikiti gani, Nassor?"

Hata kuku waliokuwa wanadonoa pale walionekana kungoja.

"Nitarudi," alisema Bi Salma. "Lakini chumba cha mbele hakuna TV. Akitaka mpira, aje autazame kwa mwenye zamu. Na avue viatu."

Tulirudi watatu. Fundi Kulwa alinipa spilita ya njia mbili, mtemi mmoja, hongo sawa kwa sawa, nikaiweka mbele ya wake wote wawili, Kadogo akitoa ushahidi huku na huku. Picha ikawa safi kote. Rafiki za Mzee walihamia kwa jirani, na chumba cha mbele kikajaa magunia ya mchele.

Pale Tura niliomba radhi kwa ajili ya spilita. Kwa ajili ya yale maneno ya macho sikuomba. Nilijiambia yamepita. Hayakupita. Kila nilipoitwa nyumba ile, kwa kazi yoyote, Bi Salma alinipokea kwa swali moja: "Petro, leo macho yangu unayaonaje?" Nilicheka kila mara, na kila mara nilikosa ujasiri wa kusema sentensi fupi iliyotakiwa.

Kisha vikaja ving'amuzi, ambavyo ninyi vijana mmevikuta. King'amuzi kimoja ukikigawa kwa TV mbili, zote zinaonyesha kitu kilekile, na mwenye rimoti ndiye mtawala. Mzee Nassor aliliona tatizo kabla yangu. Akaamua rimoti iende na zamu yake. Akiwa kwa Bi Salma, rimoti iko kwa Bi Salma. Akihamia kwa Bi Rehema, anaondoka nayo mfukoni kama funguo za duka. Nilimsifu kwa busara. Baada ya muda nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, anasikiliza mpira kwenye redio.

"Mzee, leo zamu kwa nani?"

"Rimoti iko kwa Salma."

"Na wewe?"

"Mimi niko kwa Rehema." Akapunguza sauti ya redio. "Wamebadilishana."

Hatimaye wake wenyewe walichoka kupelekeana rimoti uani, na kwa kuwa picha ilikuwa moja, Bi Rehema akawa anakwenda kutazama tamthilia kwa mwenzake. Waya niliouzungusha darini kwake bado uko pale, haubebi kitu. Fundi Kulwa alishatangulia mbele ya haki, akaniachia kisu na Kadogo.

Wiki yangu ya mwisho kazini nikaletewa malalamiko: kwa Mzee Nassor, Bi Salma anaona chenga. Nilimfunga Kadogo kwenye mto wake, nikaenda. King'amuzi chao kilikuwa bado na tundu la waya wa zamani, hivyo Kadogo aliweza kusema. Niliwakuta wake wote wawili wamekaa mbele ya TV moja. Nikamchomeka Kadogo. Picha safi, haina hata doa. Nikatazama TV yao, safi vilevile. Nikamtazama Bi Salma, aliyekuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayechungulia kwenye pazia. Nikaona lile wingu jeupe ndani ya jicho.

Nilikaa pale nimeshika koleo. Kisha nikafungua konekta ya kwenye ncha ya waya, nzima isiyo na kosa, nikaikata, nikafunga nyingine mpya.

"Ilikuwa na kutu, Bi Mkubwa," nikasema.

Akatazama kidogo kioo cha TV. "Chenga ziko palepale."

Bi Rehema alikuwa ananitazama.

"Petro," akaita Bi Salma, "Kadogo amesema nini?"

Sikujua kama alikuwa amelishika jina lile miaka yote. "Anasema picha ni safi, Bi Mkubwa."

"Basi sema."

"Ni macho. Safari hii ni macho, twende hospitali wakayaone, wanayatibu siku hizi. Na lile la zamani, Bi Mkubwa, nilikudhalilisha kuficha ujinga wangu. Nisamehe."

Akaweka mikono mapajani.

"Umechelewa, lakini umefika," akasema. "Hata treni ya Tura ndivyo ilivyo." Kisha akamgeukia mwenzake na kumgusa goti. "Haya, Rehema, endelea. Yule mwanamke kaingia, kavaa nini?"

"Nyekundu, Bi Mkubwa. Na mume anajifanya amelala."

"Wote ndivyo walivyo. Ongeza sauti."